Umekamatwa ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki za mgeni mbele ya polisi

Ukurasa huu ni kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi, anayesoma, anayefanya kazi au anayepita katika nchi isiyo yake, na kwa ndugu zake waliobaki nyumbani. Tumeegemea nchi ambako simu za waliokamatwa hutoka zaidi: Uingereza, Marekani, Ujerumani na Ulaya kwa jumla, na nchi za Ghuba. Kila kesi ina mambo yake, kwa hiyo yaliyo hapa yakusaidie kuvuka saa za kwanza mpaka wakili afike. Saa hizo ndizo zinazoharibu kesi nyingi.

Nimeshikwa sasa hivi. Niseme nini kwanza?

Sema mambo matatu, hata kwa Kiingereza cha kubahatisha: nataka wakili, nataka mkalimani wa Kiswahili, nataka ubalozi wangu ujulishwe. Taja jina lako na tarehe ya kuzaliwa, kisha nyamaza.

Hizo ni haki tatu mbalimbali, na kuomba moja hakuleti nyingine. Kosa linalojirudia ni mtu kudai ubalozi tu, akakaa akisubiri ofisa wa ubalozi kana kwamba ndiye atakayemtetea, na huku mahojiano yanaendelea bila wakili. Wengine huomba wakili lakini wanaona haya kuomba mkalimani kwa sababu "Kiingereza nakijua". Kiingereza cha kazini na sokoni hakitoshi kutofautisha "nilikusudia" na "nilijua ingeweza kutokea", na hapo ndipo kosa linapopanda daraja.

Usibishane, usimsukume askari, usikimbie. Ukiona umeonewa, lisemwe na wakili baadaye. Purukushani za mlangoni huzaa shtaka la pili, nalo huwa rahisi kuthibitisha kuliko la kwanza.

Wamesema sijakamatwa, wananiita tu kwa mazungumzo. Niende?

Kabla ya kujibu lolote uliza: mimi ni shahidi au mtuhumiwa? Je, niko huru kuondoka? Andika jibu na jina la aliyelitoa.

England na Wales polisi hutumia sana mahojiano ya hiari. Unaitwa kwa adabu, unapewa chai, na mnapanga siku inayokufaa. Lakini ukisomewa onyo kabla ya maswali, basi wewe ni mtuhumiwa na kila neno ni ushahidi. Haki yako ya wakili wa bure ni ileile ya aliyefungwa pingu, na wengi huiacha kwa sababu mambo yalionekana mepesi.

Marekani hatari ina sura nyingine. Kumdanganya ofisa wa serikali ya shirikisho katika jambo la msingi ni kosa linalojitegemea, lenye kifungo cha hadi miaka 5, hata kama mlizungumza mlangoni kwako. Mtu anaweza kuponyoka kwenye tuhuma ya awali akanaswa na uongo mdogo alioutoa kwa woga. Kukataa kuzungumza kunaruhusiwa, kudanganya hakuruhusiwi.

Hii haki ya ubalozi imetoka wapi?

Imetoka kwenye Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa 1963, kifungu cha 36. Nchi zaidi ya 180 zimeuridhia, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uingereza, Marekani, Ujerumani, Saudi Arabia, Oman na Falme za Kiarabu. Kifungu hicho kinasema mgeni akikamatwa au kuwekwa mahabusu lazima aambiwe, bila kuchelewa, kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Akiomba, mamlaka zinajulisha. Ujumbe wake kwa ubalozi lazima ufikishwe, na ofisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Mwenyewe akikataa waziwazi kusaidiwa, ofisa anapaswa kuacha.

Maneno "bila kuchelewa" yameleta ugomvi mwingi. Katika kesi ya Mexico dhidi ya Marekani mwaka 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilieleza kwamba si lazima yawe na maana ya dakika ileile ya kukamatwa, wala kabla ya swali la kwanza. Wajibu wa kukuambia huanza pale askari anapotambua, au anapokuwa na sababu ya kudhani, kwamba wewe ni mgeni. Kwa hiyo jitambulishe mapema. Aliyekaa Texas miaka 20 na anazungumza kama wenyeji anaweza kuhesabiwa raia mpaka aseme mwenyewe.

Ubalozi utanifanyia nini hasa?

Utathibitisha uko wapi na uko hai, utakutembelea ukiweza, utatoa orodha ya mawakili, utawaarifu nyumbani ukiruhusu, utatoa hati ya dharura ya kusafiria, na unaweza kutuma mtu kusikiliza kesi. Ofisa wa ubalozi akiwa amekaa mahakamani, hata kimya, wahusika huchunga zaidi utaratibu.

Hautalipa wakili wala dhamana, hautafanya upelelezi wake, na hauwezi kuamuru uachiwe. Tena mazungumzo yako na ofisa wa ubalozi hayana siri ya kisheria kama yale ya wakili na mteja. Mweleze afya yako, jinsi unavyotendewa, na unachohitaji. Habari ya nini kilitokea usiku ule mwekee wakili.

Mimi ni mkimbizi, au nimeomba hifadhi. Nijulishe ubalozi wa nchi niliyoikimbia?

Hulazimiki, na kwa kawaida usifanye hivyo kabla ya kuzungumza na wakili. Kanuni za polisi za England na Wales zinaagiza kwamba aliyeomba hifadhi au anayetambuliwa kuwa mkimbizi wa kisiasa, ubalozi usijulishwe ila yeye mwenyewe ameomba kwa kinywa chake.

Marekani kuna jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui. Kwa wageni wengi ubalozi hujulishwa mtuhumiwa akitaka. Lakini Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo mamlaka za Marekani *lazima* ziujulishe ubalozi, utake usitake. Chanzo chake ni makubaliano ya zamani ya kikonseli kati ya Marekani na Uingereza ambayo Tanzania iliyarithi. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo Mtanzania mwenye ombi la hifadhi amwambie wakili mapema, na wakili asimamie jambo moja: ubalozi ujulishwe kukamatwa tu, habari ya hifadhi isitajwe kamwe. Mamlaka zenyewe zina maagizo ya kutoitoa, ila askari wa jela ya wilaya huenda hayajui.

Nina uraia wa nchi mbili.

Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, hivyo swali hili huulizwa sana na Wakenya. Ukikamatwa katika nchi ambayo wewe pia ni raia wake, nchi hiyo kwa kawaida itakuhesabu mtu wake, na ubalozi wa Kenya hautapewa nafasi au utapewa kwa hisani. Ukikamatwa katika nchi ya tatu, pasipoti uliyoingilia ndiyo kwa kawaida itakayoamua ni ubalozi gani unaoitwa. Unaweza kuomba wa pili pia.

Nikinyamaza, si nitaonekana nina hatia?

Jibu linategemea ardhi uliyosimama.

Ujerumani, ukinyamaza kabisa kuhusu tuhuma, ukimya huo hauruhusiwi kutumiwa dhidi yako. Lakini ukijibu maswali manane na kukataa mawili, hakimu anaweza kuyapima yale mawili. Ndiyo maana mawakili wa huko husisitiza ama yote ama hapana, na wengi huchagua hapana mpaka wasome jalada la polisi.

England na Wales, onyo unalosomewa lina sehemu mbili: huna lazima ya kusema lolote, lakini utetezi wako unaweza kudhurika usipotaja sasa jambo utakalolitegemea mahakamani baadaye. Sheria ya 1994 ndiyo iliyoleta nusu hiyo ya pili. Hata hivyo, kama uliomba wakili ukiwa kituoni na hukupewa nafasi ya kuongea naye, mahakama haiwezi kuuhesabu ukimya wako dhidi yako. Hiyo ni sababu tosha ya kusema "nasubiri wakili" na kusubiri kweli. Wakili anaweza kushauri njia ya katikati, yaani maelezo mafupi yaliyoandikwa, yasomwe mwanzo, kisha maswali yote yajibiwe "sina la kusema". Scotland ina sheria zake.

Marekani kila aliye kizuizini anasomewa haki zake kabla ya kuhojiwa, tangu hukumu ya Miranda ya 1966. Lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko wa 2010, kukaa kimya tu hakuhesabiki kuwa umedai haki. Mtuhumiwa wa kesi ile alinyamaza karibu saa 3, akajibu maswali machache mwishoni, na majibu hayo yakatumika. Tamka: natumia haki yangu ya kunyamaza, nataka wakili. Ukishatamka, usirudi kupiga soga na askari, maana ukianzisha wewe mazungumzo umefungua mlango.

Pana sehemu ambapo ukimya haukulindi. Katika viwanja vya ndege na bandari za Uingereza, polisi wanaweza kukuhoji chini ya sheria ya ugaidi ya 2000 kwa hadi saa 6, na kukataa kujibu ni kosa. Mahakamani England unatakiwa kutaja jina na tarehe ya kuzaliwa, na unaweza kutakiwa kutaja uraia.

Mkalimani ameletwa. Nitajuaje kama anafaa?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake na mkalimani asiyekijua vizuri hukuandikia habari usiyoisema.

Kwanza saa. Ukisema "nilitoka pale saa mbili usiku", una maana saa mbili baada ya jua kutua. Mkalimani mzembe akitafsiri namba kama ilivyo, maandishi yatasema ulitoka katikati ya usiku wa manane, saa 6 baadaye. Kamera ya barabarani itakuonyesha nyumbani wakati huo, na utaitwa mwongo kwa kusema kweli. Kila unapotaja saa, ongeza alama: baada ya swala ya isha, kabla ya taarifa ya habari, jua lilikuwa bado halijatua.

Pili, Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye" wala katika "alinipa". Ukisema "alinipa begi nilibebe", mkalimani lazima achague jinsia ili sentensi ya Kiingereza ikamilike, na mara nyingi huchagua mwanamume. Wiki ya pili ukieleza kwamba alikuwa mama mmoja, karatasi itaonyesha umebadilisha maelezo. Anza na "mwanamke mmoja" au "yule kijana wa kiume".

Tatu, jibu la swali la kukanusha. Ukiulizwa "Hukumwona?" Mswahili hujibu "Ndiyo", yaani ndiyo, sikumwona. Kwa Kiingereza "ndiyo" hiyo inaweza kuandikwa kuwa ulimwona. Jibu kwa sentensi nzima: sikumwona. Na ile "ehee" au "sawa" tunayoitika kuonyesha tunasikiliza, iache kabisa, maana kwenye rekodi inasikika kama kukubali.

Nne, maneno ya ukoo na maneno mapana. "Ndugu yangu" anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mkubwa, au mtu wa kijiji kimoja. "Mtoto wangu" anaweza kuwa wa dada. Polisi wakichunguza cheti cha kuzaliwa wataona udanganyifu pasipo na udanganyifu. "Nilimpiga" hubeba kofi na hubeba kipigo cha kuvunja mbavu. "Niliichukua simu" inaweza kugeuka "niliiiba".

Tano, Kiswahili chenyewe si kimoja. Mtu wa Lubumbashi au Bukavu hutaja tarehe na pesa kwa Kifaransa, husema "franga" akimaanisha hela, na mkalimani wa Tanga asiyejua Kifaransa atabahatisha. Kibajuni kina msamiati wake, na Kingazija cha Komoro ni lugha nyingine kabisa. Taja unatoka wapi unapoomba mkalimani.

Mjaribu kwa dakika 5 za mazungumzo ya kawaida kabla rekodi haijaanza. Ukiona hamwelewani, au anatoka ukoo, chama au upande unaohusika na kesi, sema hapohapo na uombe iandikwe. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la 2010 kuhusu ukalimani linakupa mkalimani bure, hata ukija kutiwa hatiani, pamoja na tafsiri ya hati za msingi kama amri ya mahabusu, hati ya mashtaka na hukumu, na haki ya kulalamikia ubora wa ukalimani. (Denmark haimo katika maagizo hayo.) Malalamiko yanayotolewa kwa mara ya kwanza kwenye rufaa huonekana kama ujanja.

Wananitaka nitie sahihi. Nitie?

Usitie sahihi wala dole gumba kwenye maelezo usiyoyasoma kwa lugha unayoielewa. England na Wales, maelezo ya kuandika ya mtuhumiwa asiyejua Kiingereza yanapaswa kuandikwa na mkalimani kwa lugha ileile aliyoitumia, atie sahihi hapo, na tafsiri ya Kiingereza ifuate baadaye. Ukiletewa ya Kiingereza peke yake, umeletewa kitu kisicho cha utaratibu.

Pale ambapo kukataa kunaonekana hatari, andika kwa mkono wako juu ya sahihi, kwa Kiswahili: "Sijasoma. Sijatafsiriwa. Sijakubali yaliyomo." Weka tarehe na saa. Asiyejua kuandika aseme maneno hayo kwa sauti mbele ya mtu zaidi ya mmoja, kisha amweleze ofisa wa ubalozi na wakili siku ya kwanza anayowaona. Tofautisha pia karatasi ya maelezo na orodha ya vitu vyako. Hiyo ya vitu ihesabu kwanza (pesa, simu, pete, pasipoti) ndipo utie sahihi.

Kituo cha polisi Uingereza kinaweza kunikalisha muda gani?

Hapa ni England na Wales. Saa 24 bila kufunguliwa mashtaka. Kwa makosa mazito kidogo, ofisa wa ngazi ya juu anaweza kuongeza hadi saa 36, na mahakama hadi saa 96. Ugaidi una muda wake, hadi siku 14. Kizuizi kinapitiwa baada ya saa 6 za kwanza, kisha kila saa 9.

Mapokezi utakutana na ofisa wa mahabusu, ambaye si mpelelezi wako. Kazi yake ni kukutunza na kuandika kila kitu kwenye jalada la mahabusu, na wakili wako ana haki ya kulisoma. Mwambie dawa unazotumia, kisukari, presha, mimba, msongo wa akili, na kama hujui kusoma. Katika kila saa 24 unastahili mapumziko ya saa 8 mfululizo, kwa kawaida usiku, milo miwili mwepesi na mmoja mzito, na chakula kinacholingana na dini yako. Wakili wa zamu kituoni ni bure kwa kila mtu, awe na kipato au hana, awe na viza au hana. Anayekwambia wakili atachelewesha wewe kutoka hapaswi kusema hivyo. Kumsubiri kunaweza kuchukua saa kadhaa, nazo zina thamani yake.

Ujerumani nimeletewa bahasha ya njano. Ni nini?

Ifungue leo. Yaweza kuwa amri ya adhabu: mwendesha mashtaka ameomba, hakimu amekubali kwenye karatasi, na umehukumiwa bila kukanyaga mahakamani. Una wiki 2 za kupinga kwa maandishi, zikihesabiwa tangu tarehe aliyoiandika mtu wa posta juu ya bahasha. Usiitupe bahasha. Ukinyamaza, amri inakuwa hukumu kamili na rekodi ya jinai. Watu huiweka pembeni wakidhani ni bili.

Mgeni asiye na anwani ya kudumu huko hutakiwa kutia sahihi, akiwa kituoni, kwenye fomu ya kumteua mtu wa kumpokelea barua, mara nyingi mtumishi wa mahakama. Anaondoka, na barua "yake" inapokelewa na mtu asiyemjua. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2015, katika kesi ya Covaci, kwamba mtu wa namna hiyo lazima apate muda wake wote wa kupinga, usiliwe na safari ya barua. Ukitia sahihi fomu hiyo chukua nakala, na mpigie mtu aliyetajwa kila wiki.

Nipo Ghuba. Mambo yakoje huko?

Lugha ya upelelezi na mahakama ni Kiarabu, na karatasi ya Kiarabu ndiyo yenye nguvu. Falme za Kiarabu polisi wanapaswa kukupeleka kwa mwendesha mashtaka ndani ya saa 48, naye akuhoji ndani ya saa 24. Kisha anaweza kukuzuia kwa siku 7 na kuongeza 14. Saudi Arabia polisi wana saa 24, lakini mpelelezi akishatoa amri anaweza kuanza na siku 5, zikaongezwa hadi 40, na kwa ngazi za juu hadi miezi 6. Wakili wa bure hatakujia kituoni kama Uingereza, ndiyo maana huko ubalozi una uzito kuliko kwingine.

Muscat unaweza kukuta askari anayezungumza Kiswahili safi, mzaliwa wa familia iliyotoka Unguja. Utajisikia umefika nyumbani. Mshukuru, lakini yeye bado ni askari, na yote utakayomsimulia kama ndugu yanaingia jaladani. Omba mkalimani asiyekuwa wa upande wa upelelezi.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani, mashtaka mawili hufuatana kama pacha: kutoroka na wizi. Anayekimbia kipigo, mwajiri huwahi kituoni kumripoti. Ukilazimika kutoka, toka na nguo zako na hati zako tu, uiache simu aliyokununulia mwajiri, nenda moja kwa moja ubalozini au polisi, na piga picha ya majeraha yenye tarehe. Siku mbili za kulala kwa rafiki zinaweza kuipa ripoti ya kutoroka nguvu.

Wananidai namba ya siri ya simu.

Usiitoe kabla ya wakili, wala usidai umeisahau kama hujaisahau. Uingereza polisi wanaweza kupata amri rasmi ya kukutaka uifungue, na kukaidi amri hiyo ni kifungo cha hadi miaka 2, au 5 kwa kesi za usalama wa taifa na picha chafu za watoto. Kuombwa kwa mdomo si amri hiyo. Na usiwapigie wa nje kuwaambia wafute kitu. Simu za mahabusu hurekodiwa, na kufuta ushahidi ni kesi mpya.

Nimeambiwa nikikubali kosa dogo naenda nyumbani leo.

Kwa raia pengine ni nafuu. Kwa mgeni uliza kwanza: viza yangu je? Onyo rasmi la polisi England (si lile unalosomewa kabla ya maswali) linahitaji ukiri kosa, na linabaki kwenye kumbukumbu zinazosomwa na uhamiaji. Kifungo cha miezi 12 au zaidi huko huilazimu wizara ya mambo ya ndani kutoa amri ya kukufukuza, ila kwa misamaha michache.

Marekani wakili wa jinai ana wajibu, tangu hukumu ya Padilla ya 2010, kukueleza kama kukiri kutakuletea kufukuzwa nchini. Muulize uso kwa uso. Kwa wizi na makosa ya nguvu, kifungo cha siku 365 hata kilichoahirishwa chote kinaweza kukuingiza kwenye kundi baya kabisa la uhamiaji, na siku 364 kisikuingize. Siku moja ya maelewano inaweza kuwa familia nzima.

Hawakuniambia kabisa haki ya ubalozi. Kesi itafutwa?

Mara nyingi hapana. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema, katika kesi ya ndugu wawili Wajerumani LaGrand waliouawa kwa hukumu ya kifo Arizona, kwamba kifungu cha 36 kinampa haki mtu binafsi na si nchi yake tu. Lakini wao walikuwa wamekwishauawa tangu 1999. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2006 kwamba kukiukwa kwa haki hiyo hakufuti ushahidi.

Mfano wa karibu nasi ni wa Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyeishi Kongo miaka 32, akashikwa 1995 na kufukuzwa Januari 1996. Serikali ilidai aliambiwa haki yake kwa mdomo, haikuleta ushahidi, na mwaka 2010 ikashindwa. Fidia ya mwaka 2012 ilikuwa dola 95,000. Faida ya haki hii basi iko mwanzo wa kesi, ikitumika, kuliko mwisho ikilalamikiwa. Muombe wakili aiandikie mahakama malalamiko mapema, akionyesha madhara halisi: hukuwa na wakili, hukuelewa, ulikiri.

Nikivuka mpaka tu, Mkenya Tanzania au Mtanzania Kenya?

Wewe ni mgeni, na kifungu cha 36 kinakuhusu; Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuondoi. Kenya katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama zikiishia nje ya saa za kazi. Tanzania sheria ya mwenendo wa jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kukuhoji, zinazoweza kuongezewa muda usiozidi saa 8. Uliza na uandike saa uliyoshikwa, kwa kuwa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huweza kukataliwa.

Nyumbani si kosa. Nitashtakiwaje?

Kwa sheria ya pale ulipo. Miraa ni biashara halali Meru na kosa Uingereza tangu 24 Juni 2014. Dawa ya maumivu ya tramadol inayouzwa kirahisi madukani kwetu inahitaji kibali Ghuba. Na mzigo wa mtu, hata wa shangazi, ukikutwa mkononi mwako ni wako mpaka uthibitishe vingine. Weka ujumbe wa aliyekupa na jina la wa kuupokea.

Ndugu nyumbani wafanye nini siku ya kwanza?

Wapate majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, mji na kituo. Wapigie ubalozi na wizara ya mambo ya nje, waandike pia barua pepe ili kuwe na tarehe. Wasiweke kisa mtandaoni, kwani mwendesha mashtaka pia anasoma. Wasitume pesa kwa "wakala" aliyepiga akidai anamjua mkuu wa kituo. Kwanza wathibitishe na ubalozi kwamba wakili huyo yupo.

Nawe, kabla ya safari, andika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi namba ya ubalozi, ya ndugu mmoja na ya wakili kama unaye, majina ya dawa zako, na sentensi moja kwa lugha ya nchi uendayo: "Ninazungumza Kiswahili, nahitaji mkalimani na wakili." Iweke mbali na simu. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa, na namba za watu wako zinaondoka nayo.